Baki la Milioni na Tisa

4 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama. Limevimba tena, na sasa linaulizwa hali kila asubuhi kabla ya watu. Mwanangu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anayaficha chini ya sufuria, sijui kwa nini. Mwambie Mama Mdogo kile kitambaa alichonitumia kimekuwa mapazia, na jirani amenuna.

Sasa lililonifanya nishike kalamu.

Jumanne alikuja chumba chetu cha habari binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wako pale chuo cha ualimu. Vidole vyake vimebabuka kwa sabuni. Siku hizi anafua kwa dobi nyuma ya soko. Nilimpa kiti, hakuketi. Aliweka mezani karatasi yake ya mtihani wa mwisho wa hisabati, swali la saba: "Onyesha kwamba 1,000,009 ni namba tasa." Chini yake ameandika kwamba haiwezekani kuonyesha, kwa kuwa namba hiyo inagawanyika kwa 293. Pembeni kuna sifuri nyekundu na mwandiko ninaoujua tangu nina miaka sita: "Upuuzi. Ameingia na karatasi."

"Unajua kugawanya?" akaniuliza.

"Nilifundishwa na mtu mkali."

"Basi gawanya."

Nikagawanya mbele yake. Nilipata 3,413. Nikazidisha kurudi nyuma, mara tatu: 293 kwa 3,413 ni 1,000,009, haipungui wala haizidi. Namba tasa, kama ulivyonikaririsha, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hii inagawanyika.

Binti amefukuzwa kwa kosa la kuibia mtihani. Kamati ya rufaa inakaa tarehe 20 Mei. Kwa kanuni za chuo rufaa ni moja. Ikikataliwa, hatafundisha popote. Kinachotakiwa ni mstari mmoja kutoka kwa aliyetunga swali, yaani wewe, kwamba jibu lake ni sahihi.

Naamini umepitiwa tu. Niandikie mapema.

Mwanao.


2 Machi

Mwanangu, marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa kuwa viti vya ofisini vimepelekwa kupakwa vanishi kwa ajili ya sherehe ya kuniaga mwezi wa sita. Mama Mdogo amefurahi kusikia habari ya mapazia. Kikohozi chake kimepungua. Paa la jikoni limezibwa, ila fundi aliacha misumari sakafuni na mmoja umenichoma kisigino. Mpe shemeji pole ya goti. Asilikande kwa maji ya moto.

Kuhusu huyo mfua nguo. Milioni na tisa si namba ya kuokota njiani. Inaishia na tisa, kwa hiyo mbili na tano haziigusi. Jumla ya tarakimu zake ni kumi, kwa hiyo tatu imeshindwa. Saba inaacha baki la tatu. Kumi na moja inaacha kumi, na kumi na tatu vilevile. Kipeuo chake cha pili kimeipita elfu moja kwa unywele, kwa hiyo ukishaijaribu kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu, kazi imekwisha. Mimi niliimaliza. Likizo nzima, mgao baada ya mgao, nikiandika baki la kila mmoja kama nilivyokufundisha. Tena ni mraba wa elfu moja ukijumlisha mraba wa tatu. Namba tasa ya aina hiyo hupatikana kwa kujumlisha miraba miwili kwa njia moja tu. Moja tu, mwanangu. Huo ni uzuri ambao mtu wa beseni hawezi kuuona.

Namba hiyo iko juu ya mlango wa darasa la hisabati, kwa rangi ya mafuta ya buluu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila mwaka imo katika mtihani. Wanafunzi huingia na orodha ya namba tasa ninayowapa, hugawanya, hufika mwisho, hupata maksi zao. Anatokea mmoja anajitia kuona ambacho wenzake wote hawakukiona! Kinyaa tu.

Nawe leo umekuwa hakimu? Wewe uliyelia kwenye kuzidisha kwa saba mpaka kamasi zikaloanisha daftari? Tena nikumbushe: ni nani aliyeandika gazetini "Mwalimu Aliyeishinda Milioni"? Jina chini ya habari ile lilikuwa la nani?

Nikipata nafasi nitalitazama. Wasalimie.

Baba yako Mdogo.


20 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Goti la Mama limepungua. Alilikanda kwa maji ya moto. Meno ya chini ya sufuria yamepotea na nyumba nzima imepekuliwa.

Barua yako ina tarehe 2 Machi na muhuri wa posta wa tarehe 16. Kutoka ofisini kwako hadi posta ni kuvuka barabara. Wiki mbili ilikuwa inavuka?

Umeandika kurasa mbili za kuisifu namba na hujazidisha 293 kwa 3,413. Mtu uliyekuwa unamsimamisha kinyozi ili umsahihishie kibao chake.

Habari ile ya gazetini niliandika mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Sikuigawanya namba yako hata kwa mbili. Niliamini kwa kuwa uliyesema ni wewe. Katika barua ya kwanza nililinyamazia kwa aibu. Sasa limesemwa, tuendelee.

Nimepata orodha yako kutoka kwa mwalimu uliyemfundisha miaka minne iliyopita. Nimehesabu. Namba tasa zilizo chini ya elfu moja ni 168. Orodha yako ina 167. Kutoka 283 inaruka hadi 307. Ile 293 haimo. Kwa hiyo wanafunzi wako wanagawanya mpaka jasho linawatoka, kwa kila namba isipokuwa ile moja ambayo ingewapa jibu.

Binti alipataje? Orodha uliyompa aliisahau kwenye mfuko wa sketi, ikafuliwa wiki moja kabla ya mtihani. Akatengeneza yake: akaandika namba mpaka elfu, akafuta mafungu ya mbili, ya tatu, ya tano, akaendelea hivyo mpaka zikabaki tasa peke yake. Karatasi ya rafu, ya kukokotolea, unayosema aliingia nayo ina muhuri wa chuo. Ni ileile mliyowagawia asubuhi ya mtihani. Ina migao sitini na miwili. Wa sitini na mbili ni 293. Hapo aliacha, kwa sababu alikuwa amefika.

Nilimfuata kwa dobi. Chumba kimoja, mvuke mpaka darini, maji ya kijivu yanapita sakafuni katikati ya miguu ya watu. Alikuwa anasugua ukosi wa shati jeupe.

"Uchafu wa shingo ndio mgumu," akaniambia. "Mwenye shati akijitazama kwenye kioo anaona kifua tu."

Nikamwambia kwamba wewe ni baba yangu mdogo. Akafuta mikono. "Basi nirudishie karatasi yangu." Nikamrudishia. Kesho yake alikuja nayo tena, akaiweka mezani, akaondoka bila kuaga.

Mstari mmoja, Baba Mdogo.

Mwanao.


11 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mvua zimeanza, uwanja wa chuo ni tope tupu. Mama Mdogo ananishonea suti ya kuagwa, na kila siku ananipima tumbo upya kana kwamba linaota. Kisigino kimepona.

Hili sikutaka kulisema, umenilazimisha. Orodha ile nilinakili kutoka daftari la marehemu baba yako. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, na ndiye aliyeziandika namba tasa zote mpaka elfu wakati tunasoma. Kama kuna iliyorukwa, aliyeiruka ni yeye. Nimemfichia kaka yangu miaka yote hii. Ukitaka kuanika gazetini, anika, lakini ujue unayemfukua ni nani. Daftari lenyewe lililiwa na mende zamani, usijisumbue kulitafuta.

Huyo binti aandike barua, akiri kwamba aliingia na karatasi, aombe radhi. Nami nitamwombea arudie mwaka. Nimefikia hapo kwa huruma tu, kwa maana mtu wa namna hiyo mimi ananichefua.

Baba yako Mdogo.


28 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo hii naiandika kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa.

Barua yako ilifika jana, siku kumi na sita baada ya tarehe uliyoiandika. Niliisoma mezani, saa ya chakula cha mchana. Nilipofika kwenye mende nikasoma kwa sauti.

"Mende gani?" Mama akauliza.

"Waliokula daftari la Baba."

"Daftari liko kwenye sanduku la bati, chini ya blanketi lake. Shemeji aliliazima, akalirudisha. Mende hawarudishi vitu."

Akainuka na goti lake lile, akaenda kulileta.

Baba aliandika kila mia katika mstari wake. Nimezihesabu mbele ya Mama: 168. Mstari wa tatu una namba kumi na sita, ameuanza kwa kuziachanisha mno, kwa hiyo ya mwisho ameibana kabisa kwenye uzi wa daftari. Ni 293. Asiyefungua vizuri haioni. Hivyo ndivyo ulivyoipoteza wakati wa kunakili, na kosa la namna hiyo ningekusamehe kabla hujaliomba.

Lakini uliazima tena. Pembeni ya 293 kuna wino wa kijani, na hati ni yako: "3413, baki 0." Na tarehe: 14 Agosti, miaka kumi na moja iliyopita.

Ulinichapa vidole kwa rula kwa sababu ya baki. "Aliyegawanya bila kuandika baki hajagawanya." Hukuweza kujizuia hata siku ile. Ulikaa na daftari la kaka yako, ukaona sifuri, ukaiandika pale pale kwa nidhamu yako ileile, ukatia na tarehe. Halafu ukalirudisha kwa mjane wake ukasahau kwamba umeandika.

Kwa hiyo unajua tangu siku hiyo. Ndiyo maana umeandika kwamba "ulimfichia." Mtu hamfichii mwenzake kosa asilolijua. Miaka kumi na moja umetunga swali lilelile na kuwagawia orodha yenye tundu ili wasiifikie. Walimu wa madarasa kumi na moja wametoka hapo wakafundishe. Alipotokea mmoja aliyeziba tundu kwa mkono wake, ukamwita mwizi.

Mama hakumaliza chakula. Mimi nilisukuma sahani yangu. Nimenawa mikono mara mbili baada ya kuikunja barua yako na bado nahisi mikono ina mafuta. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na tatu, nimeandika habari za watu walioua, na sikumbuki lililonitia kinyaa kama kumtwisha marehemu kosa lako, halafu kumbembeleza binti akiri wizi ambao haukuwapo, halafu kuuita huo huruma.

Andika ule mstari.


9 Mei

Rudisha daftari.

Shemeji hakuwa na haki ya kukupa. Ni kumbukumbu ya kaka yangu kabla haijawa ya mtu yeyote.

Naagwa tarehe 14 Juni. Subiri hadi Julai, nitaandika lolote mtakalo, mistari kumi kama mnataka. Kamati ziliahirishwa mara ngapi kwa sababu ndogo kuliko hii? Binti ni kijana, mwezi mmoja utampunguzia nini?

Nilikulea. Baba yako alipofariki ulikula kwangu, ulilala kwangu, na hesabu zote unazonihesabia leo ulizipata kwenye korido ya nyumba yangu.

Unajua maana ya mtu kuwa na kitu kimoja tu? Sikuandika kitabu. Sikupanda cheo. Wanafunzi walinipa jina, Mzee Milioni, wakipita chini ya mlango ule wanaigusa namba kwa vidole kabla ya mtihani. Siku nilipoiona sifuri nilikaa sakafuni mpaka Mama Mdogo akadhani nimeanguka. Nifanyeje, nipande ngazi na msasa, niifute mbele yao?

Rudisha daftari.


12 Mei

Baba Mdogo,

Barua yako hii haikupita posta. Umempa dereva wa basi na imenifika siku ya pili. Kumbe njia ipo ukiwa na haja.

Nimepanga kukujibu kwa mpangilio uleule.

Daftari halirudi. Nakala ya ukurasa, pamoja na ile karatasi ya rafu yenye muhuri, binti mwenyewe amezipeleka kwa kamati. Amesaini aliyepokea, na tarehe imeandikwa.

Binti kupunguziwa mwezi: rufaa haiahirishwi kwa ombi la aliyemfukuza. Nimeuliza. Ikipita tarehe 20, jina lake linafutwa. Nawe ulilijua hilo tangu barua yangu ya kwanza. Ndiyo maana barua zako zilikuwa zinachelewa.

Kunilea: ni kweli, yote. Ulinipa chumba cha mbele na wewe ukalala kwenye joto la nyuma. Sijalisahau na sitalisahau. Ndiyo maana habari hii sitaiandika mimi. Nimemwambia mhariri kwamba wewe ni ndugu yangu, akampa mwenzangu. Nitakachoandika mimi ni masahihisho ya ile ya kwanza, kwa jina langu.

Na msasa: ndiyo. Ungepanda ngazi. Darasa zima lingekutazama ukiifuta, na wangekuwa na la kusimulia kuhusu mwalimu wao mpaka wazeeke. Sasa wana hili.

Jambo la mwisho. Nilimsomea binti ulivyosifu miraba miwili, na ile njia yako moja tu. Akachukua risiti ya nguo, akaipindua, akakaa nayo kama nusu saa huku pasi inapoa. Mraba wa 972 ni 944,784. Mraba wa 235 ni 55,225. Jumlisha.

Zinatoa namba yako. Njia ni mbili. Kwa kipimo chako mwenyewe, tangu mwanzo haikuwa tasa.

Mwanao.


30 Mei

Mwanangu,

Shemeji hajambo? Mama Mdogo amerudiwa na kikohozi.

Kamati ilikaa. Waliniketisha kwenye dawati la mwanafunzi, lile lenye majina yaliyochongwa kwa bikari, magoti yangu yakagusa mbao. Mwenyekiti nilimfundisha mimi. Akaniwekea karatasi tupu. "Mwalimu, tusaidie kugawanya." Wote wanajua kugawanya, hawakuhitaji msaada wowote, ila niligawanya. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Sikumtazama, ila ananuka sabuni, chumba kizima kilinuka sabuni.

Wamemrudishia maksi zote na nafasi yake. Sherehe imefutwa. Viti vimerudi na vanishi yake, havina wa kuvikalia.

Jumatatu alikuja fundi wa rangi. Ile buluu ilikataa kutoka, kwa hiyo wamepaka rangi ya maziwa juu yake. Jua likipiga ubavuni namba bado inaonekana, kama kovu. Wanafunzi wanacheka. Mmoja ameandika chini yake kwa chaki "kwa 293". Nimekitazama kile kizazi chote uwanjani, nikafunga dirisha. Hawakuipenda hata siku moja. Walikuwa wanaigusa tu.

Nimeambiwa na kamati nilete gazetini mgao huo kwa mkono wangu, utiwe kwenye masahihisho yako. Uko ndani ya bahasha hii. Umefurahi?

Suti imeisha. Inanitosha.

Baba yako Mdogo.


8 Juni

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama anatembea bila fimbo. Meno yamepatikana: yalikuwa kwenye sanduku la bati, ndani ya soksi ya Baba. Mwanangu anasema aliyahamisha kwa sababu pale hapaguswi na mtu. Mpe Mama Mdogo pole ya kikohozi, nitampelekea dawa kwa yule dereva wako wa basi.

Masahihisho yametoka ukurasa wa nne, mistari tisa, jina langu chini. Mgao wako sikuutia.

Sikufurahi. Uliuliza, nakujibu.

Jana nilimpelekea binti karatasi yako, kwa kuwa nilidhani ana haki ya kuiona kabla sijaitumia. Ilikuwa siku yake ya mwisho kwa dobi. Wenzake walikuwa wamemfichia ndoo asifanye kazi. Akaisoma amesimama, kama kawaida yake. Akaipindua kuona kama nyuma kuna kitu.

"Hajamaliza," akasema.

Nami nilikuwa nimeshaona. 1,000,009 kugawanya kwa 293. Hatua zote zimepangwa sawasawa, safu chini ya safu, mwandiko haukutetemeka popote. Jibu 3,413, umelipigia mistari miwili. Chini yake umeandika "baki", ukaweka alama ya usawa, na mbele yake pako wazi.

Nilishika kalamu nikujazie. Ni tarakimu moja, na mwenye macho anaijua. Nikaiweka chini.

Narudisha karatasi. Imo ndani ya bahasha hii, na nyingine tupu yenye stempu iko pamoja nayo.

Andika baki, Baba Mdogo.